Kismayu na Bandari Yake

Mji wa Kismayu, ulio kusini ya mlango wa mto Juba, tangu kale ulikuwa mji wa Wabajuni, watu wa bahari wenye lahaja yao ya Kiswahili, ambao visiwa vyao vya Koyama na Chula vimefuatana pwani kuelekea Lamu. Ukatawaliwa na Sultani wa Unguja, kisha na Mwingereza, naye mnamo 1925 akamkabidhi Mtaliana. Nimetangulia kuyataja haya kwa kuwa tarehe ya mji huu aghalabu husimuliwa kana kwamba ilianza siku ya bunduki.

Dola ya Siad Barre, rais wa Somalia, ilipoanguka Januari 1991, kila mwenye jeshi aliitamani Kismayu kwa ajili ya bandari yake, maana mwenye gati ndiye mwenye ushuru, na mwenye ushuru ndiye awezaye kuwalisha askari. Omar Jess na Jenerali Morgan, mkwewe Siad Barre, wakanyang'anyana mji. 1999 Barre Hiiraale na wenziwe wakamtoa Morgan. Na 2006 Mahakama za Kiislamu zikaingia, zikamtawaza gavana Sheikh Ahmed Mohamed Islam, mtu wa ukoo wa Ogaden, ajulikanaye kwa lakabu ya Madobe.

Haikupita miezi mingi Wahabeshi wakaja. Madobe akajeruhiwa, akafungwa kwao, akaachiliwa, akawa mbunge, akauacha ubunge na kurudia silaha, hata Al-Shabaab, waliokuwa washirika wake, wakamfukuza Kismayu 2009. Ndipo alipofungamana na Wakenya, na Septemba 2012 askari wao wakashuka kutoka baharini, ilhali kikosi chake cha Ras Kamboni kikija kwa nchi kavu.

Bandarini yalikuwapo makaa: mamilioni ya magunia ya makaa ya mgunga, yamerundikwa yakingoja vyombo vya kwenda Ghuba. Umoja wa Mataifa ulikwisha kuipiga marufuku biashara hiyo Februari mwaka ule ule, walakini wachunguzi wake waliandika 2013 kwamba makaa yangali yakipakiwa. Na mfugaji aliyekatiwa miti ya kivuli na malisho ya mifugo yake hakulipwa fidia na mtu.

Mei 2013 wajumbe waliokutana Kismayu wakamchagua Madobe rais wa jimbo la Jubaland, lenye mji huu. Barre Hiiraale naye akajitangaza rais, damu ikamwagika Juni, na Agosti, mjini Addis Ababa, serikali ya Mogadishu ikaukubali utawala wa Madobe kuwa wa muda. Alichaguliwa tena 2015, 2019 na Novemba 2024; Mogadishu ikayakataa matokeo ya safari hii ya mwisho, na mwezi uliofuata majeshi ya pande mbili yakapigana mjini Ras Kamboni.

Sitamnyima Madobe haki yake: Al-Shabaab hawajaurudia mji tangu 2012. Lakini cheo chake kilitangulia kusimama juu ya gati kabla ya kusimama juu ya kura, nami nashikilia kuwa utawala huo hautatimia mpaka Wabajuni waliokimbilia Lamu na Mombasa warejeshewe nyumba zao na kauli yao katika mji.