Mkaddam
Msifie Mwingereza shati lake, atasema asante, pengine aongeze kwamba alilipata kwa bei ya kutupa. Msifie Msyria saa yake, huenda akakujibu "mkaddam": imeletwa mbele yako, ichukue. Na mkono wake tayari uko kwenye mkanda wa saa! Usiichukue. Mara nyingi hiyo ni adabu tu, nawe unatazamiwa ukatae, umwombee aivae kwa afya. Neno lenyewe ni ndugu wa "kadamnasi" yetu, mbele za watu. Ila jibu hilo halikuota mizizi mwambao. Kilichoota ni "mashaallah", sifa iliyobeba kinga ya kijicho. Ukimsifu mtoto wa mwenzio, tanguliza hiyo. Mama yake anaisubiri.