Mita Sitini za Mwezi Gani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Toka Tabora uelekee Ujiji, kwa njia ya zamani ya misafara, ukifika Malagarasi utauliza: ukingo upi? Machi maji yametanda juu ya nyasi hadi kwenye miombo. Septemba pale pale ni udongo mweusi uliopasuka, na ng'ombe wanapita juu yake.

Watu wa njia hii waliishi kwa kalenda. Wapagazi wa Kinyamwezi walisafiri kiangazi, mvua zikakaribia wakarudi kulima. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa kiangazi, kwa sababu masika chemchemi zake zilifunikwa na maji, na watemi wa Vinza walichukua fungu lao. Sisemi watemi hao walikuwa wahifadhi. Walilinda chumvi; nzohe, swala wa mabwawani, hawakuwa hoja yao. Ila msimu ulikuwa sheria.

Usukumani, na hata Unyamwezini, kuna ngitili: mvua zikianza malisho hufungwa, kiangazi kikikolea hufunguliwa, na anayevunja utaratibu hupigwa faini na wanakijiji wenzake. Waarabu nao wana hima, yaani malisho yaliyotengwa. Mtume aliitenga Naqi', karibu na Madina, kwa ajili ya farasi. Baadaye Khalifa Umar alimwagiza Hunayy, mlinzi wa hima, amruhusu mwenye ngamia na kondoo wachache, lakini awe macho na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao wakipoteza wanyama wana mitende na mashamba ya kurudia. Maskini atakuja na watoto mlangoni kwa khalifa. Kwangu hapa ndipo hima inapoizidi ngitili, na inaziacha mbali sheria zetu. Ngitili huuliza lini. Hima iliuliza pia ni nani, na haikuwaonea haya masahaba wakubwa. Bikoni ya mpaka ya leo inajua ng'ombe amesimama wapi. Kama ni mmoja wa watano au wa mia tano, haina habari.

Mila ya tatu ni ya mikataba. Ule wa ardhioevu ulitiwa saini Ramsar, Iran, mwaka 1971, na eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, ni Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya hekta milioni tatu, makao ya nzohe na korongo domokiatu. Mkataba wenyewe unakubali matumizi ya busara. Ukali unatoka kwenye sheria zetu za hifadhi. Mfano ni Ugalla: ilipokuwa pori la akiba, warina asali na wavuvi waliingia kwa kibali wakati wa kiangazi na kutoka mvua zikija. Mwaka 2019 ikawa Hifadhi ya Taifa, na hifadhi ya taifa haina mlango wa mrina asali. Kalenda iliyokuwa ikifanya kazi ilifutwa kwa tangazo, nami naiona hasara hiyo kubwa kuliko tunavyokiri.

Hata hivyo, wanaotaka turudi tu kwa wazee wajibu swali la mpunga. Ng'ombe huja maji yakiondoka. Jaruba la mpunga huyataka maji yale yale, miezi ile ile, ambayo ndege na nzohe wanayategemea. Tena tuta la jaruba hubaki baada ya mavuno na kugeuza mkondo. Ngitili haikutungwa kwa ajili ya tuta, wala hima.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji mamlaka juu ya ardhi yake, na vijiji huandaa mipango ya matumizi ya ardhi yenye ramani: hapa makazi, hapa malisho, hapa shamba. Kwenye mbuga inayofurika, ramani moja haitoshi. Ziwe mbili, ya masika na ya kiangazi, na pembeni yaandikwe majina ya wenye haki ya kuingia na idadi ya mifugo ya kila mmoja. Tuta jipya la jaruba lionekane kwenye zote mbili kabla jembe halijashika.