Ushahidi Uliotoka kwa Adui

Habari tuliyo nayo leo ni ya vita, na huenda mtu akauliza, vita vina sehemu gani katika mazungumzo yetu? Tunaomba mtuvumilie kidogo, maana ndani yake mna jambo linalotupasa sisi tunaoishi kwa amani.

Mwaka 1942 Wajerumani walikuwa wameishika pwani yote ya magharibi ya Ufaransa. Katika bandari ya Saint-Nazaire, mahali mto Loire unapoingia baharini, palikuwa na gudi kubwa la kutengenezea meli, lililojengwa kwa ajili ya meli ya abiria iitwayo Normandie. Waingereza waliiogopa sana manowari ya Kijerumani Tirpitz, na katika pwani ile yote hapakuwa na gudi jingine lililoweza kuipokea kama ingeharibika. Basi wakaazimia kulivunja.

Tarehe 26 Machi makomando na mabaharia, jumla yao zaidi ya watu 600, walitoka bandari ya Falmouth. Walikuwa na manowari kuukuu, Campbeltown, na mashua ndogo ndogo za mbao. Ndani ya Campbeltown, upande wa mbele, zilifichwa tani zaidi ya nne za baruti. Usiku wa tarehe 28, saa saba na dakika 34, manowari hiyo ikapita katikati ya mizinga na kuligonga lango la gudi kwa nguvu zote, ikakwama pale. Baruti haikulipuka mara moja. Jua lilipokuwa limekwisha panda, nao Wajerumani wengi wakiikagua, ndipo ilipolipuka na kulivunja lango. Gudi lile halikufanya kazi tena mpaka vita vilipokwisha.

Lakini gharama ilikuwa kubwa. Waingereza 169 walikufa na 215 wakatekwa. Wajerumani wengi walikufa, hata na raia wa Kifaransa waliuawa katika ghasia za siku zilizofuata.

Sasa tuwatazame watu wawili tu. Mmoja ni Sajini Thomas Durrant, kijana wa miaka 23, aliyekuwa katika mashua namba 306. Mashua hiyo haikuweza kuwashusha askari wake bandarini. Ilipokuwa ikirudi baharini, ilikutana na meli ya kivita ya Kijerumani, Jaguar. Durrant alishika bunduki ya rashasha mahali pasipo na kinga yo yote. Alipigwa risasi mkononi, kisha mwilini mahali pengi, wala hakuiacha bunduki. Kamanda wa Jaguar, jina lake Paul, aliwataka wasalimu amri. Durrant akamjibu kwa risasi zilizoelekezwa pale pale kamanda aliposimama. Mwishowe mashua ikatekwa, na Durrant akafa kwa majeraha yake akiwa mikononi mwa adui.

Baada ya siku chache yule kamanda Paul alikwenda Rennes, katika kambi ya wafungwa, akamtafuta Kanali Charles Newman, mkuu wa makomando. Akamweleza ushujaa wa yule sajini, na kusema kwamba astahili kukumbukwa kwa heshima. Newman hakuyaona hayo kwa macho yake, lakini aliyatunza maneno hayo miaka yote ya kifungo. Mwaka 1945 Durrant akapewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza.

Hebu tufikiri, ndugu. Paul alikuwa na faida gani? Aliyekufa alikuwa amejaribu kumwua. Kama angalinyamaza, hakuna ambaye angalimlaumu. Wala hatusemi kwamba neno lake liliitakasa serikali aliyoitumikia, ambayo maovu yake dunia nzima yayajua. Twasema hili tu: aliona jambo la kweli kwa mtu wa upande mwingine, naye hakulizika pamoja na maiti.

Je, sisi? Hatupigani kwa mizinga. Twagombana juu ya mpaka wa shamba, juu ya uchaguzi wa wazee, juu ya nani ataongoza kwaya. Na mara tunapogombana na mtu, mema yake yote twayasahau. Twajua kwamba ndiye aliyewapeleka watoto wetu hospitali usiku wa manane, lakini likitajwa jina lake kikaoni twainamisha vichwa na kukaa kimya. Hatukusema uongo, twajiambia. Kweli, lakini tumeuficha ushahidi.

Kabla jua halijatua leo, tumkumbuke mmoja tuliyekosana naye, tukaseme jema lake moja mbele ya mtu mwingine. Ugomvi wenyewe pengine hautakwisha leo. Hata hivyo ukweli utakuwa umepata shahidi.

Mungu atusaidie. Kwaherini.