Kutangulia Si Kufika: Historia ya Mkimbiaji wa Kawaida

Katika historia ya michezo majina yanayohifadhiwa ni majina ya washindi. Kumbukumbu huandika aliyetangulia, muda alioutumia na nchi aliyotoka. Wa pili huandikwa kwa herufi ndogo, na wa elfu moja haandikwi kabisa. Desturi hiyo yafaa katika mieleka, ambamo mmoja huangusha na mwingine huangushwa. Katika mbio ndefu za barabarani haitoshi. Mbio hizo hukusanya maelfu ya watu ambao hawakuja kushinda, nao hujua hivyo kabla ya kutia mguu barabarani. Karani, mwalimu, muuguzi na mwenye duka husimama nyuma ya mabingwa, hukimbia barabara ile ile, hupanda kilima kile kile, kisha kesho yake hurudi kazini wakichechemea. Historia yao si historia ya kasi. Ni historia ya maswali mawili: nani ana haki ya kuanza, na nani ana haki ya kuhesabiwa kuwa amefika?

Hapo mwanzo mtu wa namna hiyo hakuwapo. Tarehe 10 Aprili 1896, wakimbiaji 17 tu waliondoka katika kijiji cha Marathon kwenda uwanja wa Athens, mwendo wa kilomita zipatazo 40. Mshindi, Spyridon Louis, alikuwa mchukuzi wa maji kutoka Marousi, naye alitumia saa 2, dakika 58 na sekunde 50. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Aprili 1897, watu 15 walianza mbio za kwanza za Boston huko Marekani. Mbio hizo zilikuwa jaribio la wachache, na watazamaji walizitazama kama watu watazamavyo maajabu: kwa mshangao, bila ya nia ya kuyafanya wenyewe. Hata urefu wake haukuwa umekubaliwa. Kipimo cha kilomita 42 na mita 195 kilitokana na mbio za London za mwaka 1908, nacho kilifanywa sheria ya wote mwaka 1921.

Mwaka huo huo wa 1921, katika Afrika ya Kusini, zilianzishwa mbio ambazo zaeleza habari ya mkimbiaji wa kawaida kuliko nyingine zote. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, hakuwa bingwa. Alikuwa dereva wa garimoshi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alitumwa Afrika ya Mashariki pamoja na askari wa miguu waliomfuatia Jenerali von Lettow-Vorbeck na askari wake, na safari ya kikosi chake katika pori, jua na matope inakisiwa kuwa ya kilomita 2,700. Humo aliona watu wasio na mazoezi ya michezo, waliotoka maofisini na mashambani, wakistahimili mwendo ambao mwanariadha angeuogopa. Vita vilipokwisha, alitaka kumbukumbu ya wenzake waliokufa, wala hakutaka sanamu ya jiwe. Alitaka watu wa kawaida wakimbie kutoka Pietermaritzburg hadi Durban, karibu kilomita 90, ili ustahimilivu ukumbukwe kwa ustahimilivu. Chama cha askari waliorudi vitani kilimkatalia mara kwa mara kwa hoja kwamba jambo hilo lilipita uwezo wa binadamu. Mwishowe kilikubali, kikamkopesha pauni moja ya gharama. Tarehe 24 Mei 1921 watu 34 walianza, 16 walifika. Mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59. Mbio hizo zikaitwa Comrades, yaani Wenzi.

Jina hilo lastahili kupimwa. Katika vita ile ile, mizigo ya majeshi haikubebwa na askari. Ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu yao mashuhuri katika Dar es Salaam ni jina la mtaa: Kariakoo, neno lililotoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho kilipiga kambi mahali hapo. Kwa hiyo vita moja ilizaa soko katika mji mmoja na mbio katika mji mwingine. Lakini mbio za Wenzi hazikumruhusu mwana wa mpagazi kukimbia. Ziliwekwa kwa wanaume weupe peke yao. Walioheshimiwa kwa mwendo mrefu walikuwa wale waliotembea na bunduki. Waliotembea na mizigo kichwani walifungiwa mlango.

Mlango huo ulibishwa mapema. Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Frances Hayward, aliomba kuandikishwa akakataliwa. Alikimbia hata hivyo, akafika Durban kwa saa 11 na dakika 35. Wasimamizi hawakumpa nishani, lakini watazamaji na wakimbiaji wenziwe walimpa zawadi ya vyombo vya chai vya madini ya fedha. Mwaka 1935 Robert Mtshali akawa mkimbiaji wa kwanza mweusi kuandikwa katika habari za mbio hizo, naye alifika kwa saa 9 na nusu bila ya namba kifuani wala jina katika orodha. Watu hawa wawili walithibitisha jambo ambalo sheria haikutaka kulijua: barabara haimwulizi mtu rangi yake wala jinsia yake. Humwuliza miguu na pumzi tu. Sheria ilichukua miaka 40 baada ya Mtshali kukubali jawabu hilo. Wanawake na watu wa rangi zote waliruhusiwa rasmi mwaka 1975. Mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda. Na tangu mwaka 2019 wanaofika kati ya saa 9 na saa 10 hupewa nishani yenye jina la Robert Mtshali. Heshima iliyokuja miaka 84 baada ya kazi ni heshima iliyochelewa, lakini afadhali iliyochelewa kuliko iliyozuiwa.

Boston nako kulikuwa na mlango wa namna hiyo. Mwaka 1966 Bobbi Gibb aliandika barua kuomba nafasi, akajibiwa kwamba maumbile ya mwanamke hayawezi mwendo huo. Alijificha kichakani karibu na mahali pa kuanzia, akajitosa katika kundi la wanaume, akamaliza kwa muda wa saa 3 na dakika 21, mbele ya wengi waliokuwa na namba. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alijiandikisha kwa herufi za kwanza za majina yake, akapewa namba 261. Njiani msimamizi mmoja alimrukia ili kuinyakua namba hiyo, na picha za tukio hilo zikaenea duniani. Wanawake walikubaliwa rasmi Boston mwaka 1972. Ni dhahiri kuwa Gibb na Switzer hawakutaka kushinda mbio hizo. Walitaka kuzikimbia, na kukimbia tu kulikuwa kosa.

Baada ya hapo milango ilifunguka kwa upesi. Katika miaka ya 1960 mafunzo ya Arthur Lydiard wa New Zealand, na kitabu cha daktari Kenneth Cooper kilichotoka mwaka 1968, viliwafundisha watu wazima kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Mbio za New York za mwaka 1970 zilikuwa na watu 127 waliozunguka bustani moja kwa kiingilio cha dola moja. Waliomaliza walikuwa 55, na mwandalizi wake, Fred Lebow, alikuwa wa 45. Mwaka 1976 mbio hizo zilitolewa bustanini zikapitishwa katika mitaa ya sehemu zote tano za jiji, na watu wapatao 2,000 wakakimbia. London ilianza tarehe 29 Machi 1981, na watu 6,255 walimaliza. Siku hiyo wawili wa mbele, Mmarekani Dick Beardsley na Inge Simonsen wa Norway, walivuka mstari wakiwa wameshikana mikono, kana kwamba walitaka kuwaambia waliokuwa nyuma kuwa ushindi waweza kugawanywa. Boston, iliyoanza na watu 15, iliandikisha watu 38,708 katika mbio zake za 100 mwaka 1996.

Wingi huo ulileta elimu mpya juu ya mwili wa mtu wa kawaida. Bingwa humaliza kilomita 42 kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Karani aweza kutumia saa tano. Kwa hiyo huyu wa nyuma hukaa juani mara mbili zaidi, na akiba ya wanga iliyo katika misuli na ini yake huelekea kuisha baada ya kilomita 30 hivi, wakati safari ingali mbele. Hapo miguu huwa mizito ghafula, na akili hutafuta sababu ya kusimama. Kwa muda mrefu alishauriwa anywe maji kadiri awezavyo. Ushauri huo ulifaa nia kuliko mwili. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005, juu ya wakimbiaji 488 wa Boston ya mwaka 2002, ulionyesha kuwa asilimia 13 walimaliza wakiwa na upungufu wa chumvi katika damu, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokunywa mno na waliochukua muda mrefu. Somo lake ni kwamba mkimbiaji wa kawaida si bingwa aliyepunguzwa kasi. Ana taabu zake na hatari zake, na yapasa achunguzwe kwa ajili yake mwenyewe.

Ana pia adui wake, naye ni saa. Bingwa hushindana na bingwa. Mkimbiaji wa kawaida hushindana na kikomo. Katika mbio za Wenzi kikomo ni saa 12. Kilikuwa hivyo mwaka 1921, kikapunguzwa kuwa saa 11 mwaka 1928, kikarudishwa saa 12 daima tangu mwaka 2003. Na wanaofika katika saa hiyo ya mwisho hupewa nishani yenye jina la Vic Clapham. Muda unapokaribia kwisha, msimamizi husimama penye mstari na kuwapa mgongo wanaokuja, ili asione uso wa mtu akaingiwa na huruma. Bunduki hulia, na aliye hatua moja nyuma ya mstari huhesabiwa hakufika. Mwaka 1989 Wally Hayward, aliyezishinda mbio hizo mara tano tangu mwaka 1930, alirudi akiwa na umri wa miaka 80, akavuka mstari ikiwa imebaki dakika 1 na sekunde 57. Mtu huyo alijua utamu wa kutangulia, naye alichagua kuonja uchungu wa kufika. Fred Lebow pia, akiwa mgonjwa wa saratani ya ubongo, alikimbia New York mwaka 1992 pamoja na bingwa Grete Waitz, wakamaliza kwa saa 5, dakika 32 na sekunde 34.

Watanzania wanalo jina lao katika habari hii. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, amefungwa bendeji mguuni, wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Hakuwa mkimbiaji wa kujifurahisha, bali mwanariadha aliyetumwa na taifa lake. Lakini siku hiyo ajali ilimshusha kutoka safu ya mabingwa hadi mahali ambapo wakimbiaji wa kawaida huishi, na mwenendo wake hapo ndio uliompa heshima. Wengi wanaolijua jina lake leo hawalijui jina la mshindi. Basi kumbukumbu ya watu si lazima ifuate orodha ya washindi.

Leo Afrika ya Mashariki ina mbio zake za watu wote. Mbio za Lewa nchini Kenya zilianza mwaka 2000, katika hifadhi ya wanyama. Za Nairobi na za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003. Moshi, bingwa na karani huondoka pamoja, na barabara ya kupanda kuelekea Mweka, kati ya migomba na kahawa, huwatenga upesi. Katika Dar es Salaam na Unguja vikundi vya jogingi hukimbia alfajiri vikiimba, na wengi wao hawatapata nishani maishani. Hapa mlango haufungwi tena kwa rangi wala kwa jinsia. Hata hivyo kiingilio, nauli na bei ya viatu huchagua watu kimya kimya, na kimya hicho ni kigumu kubishana nacho kuliko sheria iliyoandikwa, maana hakuna anayekiri kuwa amemkataza mtu.

Historia hii yafundisha kuwa haki ya kukimbia haikutolewa na waandalizi kwa ukarimu. Ilichukuliwa barabarani na watu wasio na namba, kisha vitabu vikalazimika kuikubali. Kutangulia si kufika, walisema wahenga, na aliyetangulia apewe taji lake. Lakini anayetaka kuzijua mbio za mahali popote asiondoke mshindi anapopita. Angoje mpaka wa mwisho aingie, amtazame ni nani, kisha aulize ni nani hakuruhusiwa kuanza.