Hesabu za mafumbo zinamsumbua mtoto? Mfundishe hatua hizi 5

Arusha. Saa mbili usiku, nyumbani Elerai. Mtoto wa darasa la saba anakuletea daftari: "Mama, hili swali silielewi." Ukimpa kujumlisha na kutoa, anapiga fasta. Kinachomshinda ni maneno.

Tatizo hili halimhusu yeye peke yake. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2023, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Hesabu za mafumbo zina njia yake, na hata mzazi aliyesahau hesabu anaweza kuifuata.

Hatua zenyewe

1. Soma swali mara mbili. Pigia mstari kile unachoulizwa.
2. Kisichojulikana kipe herufi, mfano *x*.
3. Geuza maneno kuwa mlinganyo.
4. Tafuta *x*.
5. Rudisha jibu kwenye swali uone kama linakubali.

Mfano wa kwanza: nanasi na papai

Mama amenunua nanasi na papai soko la Mbauda kwa Sh5,000. Bei ya nanasi imezidi ya papai kwa Sh1,000. Papai ni shilingi ngapi?

Wengi wanajibu haraka: Sh1,000. Hapo ndipo mtego ulipo. Papai likiwa Sh1,000, nanasi ni Sh4,000, na tofauti yake ni Sh3,000, siyo Sh1,000.

Twende kwa hatua. Papai ni *x*, nanasi ni *x* + 1,000.

x + x + 1,000 = 5,000
2x = 4,000
x = 2,000

Papai ni Sh2,000, nanasi Sh3,000. Jumla Sh5,000, tofauti Sh1,000. Limekubali.

Mfano wa pili: kiwanja

Kiwanja cha mstatili kina mzingo wa mita 70. Urefu umezidi upana kwa mita 5. Tafuta eneo lake.

Kwenye maumbo, chora kwanza. Mchoro utakukumbusha kuwa mstatili una pande nne. Anayesahau hili huchukua 70 kama jumla ya urefu na upana, anapotea.

Upana ni *x*, urefu ni *x* + 5. Nusu ya mzingo ni 35, yaani urefu mmoja na upana mmoja.

x + x + 5 = 35
2x = 30
x = 15

Upana ni mita 15, urefu mita 20. Lakini swali halijaishia hapo, limeuliza eneo: 15 × 20 = mita za mraba 300. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupigia mstari unachoulizwa.

Ukitaka kutoka kona hadi kona, tumia kanuni ya Pythagoras: 15 × 15 + 20 × 20 = 625, na kipeuo chake cha pili ni 25. Mafundi ujenzi hutumia hesabu hiyohiyo kwa futi kamba, wakipima 3, 4 na 5 kuhakikisha kona ya msingi imekaa sawa.

Chunga neno "mara"

"Umri wa baba ni mara tatu ya umri wa mtoto." Baba akiwa *b* na mtoto *m*, wengi huandika 3b = m. Jaribu kwa namba: mtoto akiwa na miaka 12, baba atakuwa na miaka 4! Sahihi ni b = 3m, baba ana miaka 36.

Kwa nini uanze sasa

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akifika kidato cha kwanza, mafumbo haya yanakuja kwa Kiingereza. Kama kugeuza maneno kuwa mlinganyo kulimshinda kwa Kiswahili, huko anabeba mizigo miwili. Akiwa ameshaizoea njia, kinachobaki ni kujifunza maneno mapya.

Pia mzoeshe kuandika kila hatua. Kwenye mtihani wa kidato cha nne mtahiniwa anatakiwa kuonyesha njia, siyo jibu tu.

Leo usiku mpe swali moja tu. Akikosa, usimpe jibu. Mwambie alirudishe kwenye swali, aone mwenyewe lilipokataa.