Jino likitulia, dawa ni salama?

Juzi nilimpeleka mdogo wangu wa miaka 6 kutibiwa gego. Mama akapiga simu: "Hiyo dawa wanayomwekea ndani ya jino haina madhara?" Sikuwa na jibu. Niliporudi kampasi nikaenda moja kwa moja maktaba.

Kumbe swali la mama lina historia. Mwaka 1904 Buckley, daktari wa meno wa Marekani, alieleza fomokresoli, mchanganyiko wa fomalini na kresoli wa kutibu kiini cha jino. Mwaka 1930 mwenzake Sweet akaeleza jinsi ya kuitumia kwenye meno ya utotoni. Maumivu yakiisha, watu wanaridhika.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani wakachapisha jaribio lao: waliweka kwenye meno ya wanyama dawa yenye alama ya mionzi, wakafuatilia inakokwenda. Haikubaki yote kwenye jino, nyingine iliingia mwilini. Mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wakatangaza kuwa fomalidehaidi, kemikali iliyomo kwenye fomalini, inasababisha saratani kwa binadamu.

Tusitishane lakini. Kiasi kinachowekwa kwenye jino ni kidogo sana, ndiyo maana madaktari wamebishana miaka mingi, na dawa nyingine zipo.

Sisi wa ualimu tunajua: mtoto kukaa kimya darasani siyo kwamba ameelewa. Na jino ni hivyo hivyo. Nimemwambia mama, "Tukirudi tumuulize daktari jina la dawa." Wadau, nanyi muulize.