Sebule za Buganda zilizomfundisha Mary Ainsworth

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alihamia Kampala na mumewe. Alitoka London, alikofanya kazi na Dk. John Bowlby, aliyeshikilia kuwa mtoto mchanga humhitaji mama kama anavyohitaji chakula. Ainsworth alikuwa bado hajakubali. Wataalamu wengi wa enzi zile walifundisha kwamba mtoto humpenda mama kwa ajili ya maziwa, basi. Mmarekani John Watson alivuka hapo: katika kitabu chake cha 1928 aliwahimiza wazazi wasiwabusu wala kuwapakata watoto, asubuhi wawape mkono.

Ainsworth alitaka kuchunguza kuachishwa ziwa, kwa kuwa alijua desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi wakati huo. Akakuta desturi yenyewe imefifia. Nashukuru mpango ule ulivunjika, maana alibakiwa na kazi ya kukaa na kutazama.

Kila baada ya wiki mbili, kwa muda uliofikia miezi tisa, yeye na mkalimani wake walikaribishwa sebuleni mchana, saa ambazo wanawake wa Kiganda hupokea wageni. Familia zilikuwa 26, watoto 28. Mtoto anayetambaa alishuka mapajani, akaenda kushika kiti, akageuka kumtazama mama, akaendelea hadi mlangoni. Akiingia mtu asiyemjua, alirudi kwa mama upesi. Ainsworth akaelewa: mtoto huthubutu kwenda mbali kujifunza dunia akiwa na uhakika wa pa kurudia.

Watoto 16 walikuwa na uhakika huo. Akina mama waliojua kumweleza mgeni kwa undani mtoto wao anapenda nini na analilia nini, ndio waliokuwa na watoto watulivu. Utafiti ule ulisimama juu ya macho ya wanawake hao.

Dai la maziwa lilijaribiwa kwa wanyama pia: mwaka 1958, huko Wisconsin, Marekani, mwanasaikolojia Harry Harlow alieleza alivyowapa watoto wa kima mama wawili wa bandia: wa waya mwenye maziwa, na wa kitambaa asiye na kitu. Walinyonya kwenye waya, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa. Wale aliowalea peke yao waliharibika vibaya, na ukatili huo unaniuma hadi leo. Huko Gombe, Tanzania, hakuna kiumbe aliyefungiwa, ila upendo ulionekana vilevile: mwaka 1972 sokwe mzee Flo alipokufa, mwanawe Flint, wa miaka minane, alidhoofika na kumfuata baada ya wiki chache.

Ainsworth alichapisha kitabu chake kuhusu Uganda mwaka 1967. Vitabu vya vyuoni, hata hivyo, humtaja zaidi kwa jaribio alilolifanya baadaye Baltimore, Marekani, ambamo mama humwacha mtoto kwa dakika chache katika chumba kigeni, kisha hurejea. Alilibuni kwa sababu watoto wa Baltimore, waliozoea mama kutoka na kuingia, hawakumwonyesha nyumbani kwao kile alichokiona waziwazi kwenye sebule za Buganda.